Petipa: Bingwa wa baleti aliyeokolewa na daftari

Nyumba ikibomoka husalia msingi, na chungu kikivunjika hubaki vigae. Lakini mchezaji hodari wa ngoma anapofariki, miondoko yake huzikwa pamoja naye, isipokuwa awe amemrithisha mtu. Jambo hili wanalifahamu vyema wakazi wa Meru na Embu. Wapiga ngoma wa Chuka, wanaobana ngoma ndefu kati ya mapaja na kuzicharaza huku wakisonga kwa mwendo mmoja, walijizolea sifa kote nchini kwa kutumbuiza katika sherehe za kitaifa. Ufundi huo haukufunzwa kwa vitabu. Ulipokezwa kwa macho na masikio, kijana akimfuata mzee.

Ndiyo maana maisha ya Marius Petipa, Mfaransa aliyefariki mwaka wa 1910, yanastahili kusimuliwa hata kwa watu wanaoishi chini ya Mlima Kenya. Petipa ndiye aliyeijenga baleti ya Urusi, ile dansi ya jukwaani inayosimulia hadithi kwa mwili na muziki pasipo neno kutamkwa. Makundi ya Kirusi yanapozuru miji mikubwa ya dunia yakicheza kazi za kale zilizofufuliwa, aghalabu huwa yanacheza kazi zake. Hapa kwetu pia, watoto wa Kenya wamewahi kucheza hadithi ya Kivunja Kokwa, ambayo Petipa ndiye aliyeandaa mpango wake, katika Ukumbi wa Kitaifa wa Maonyesho jijini Nairobi.

Petipa alizaliwa Machi 11, 1818, mjini Marseille, kusini mwa Ufaransa. Babake, Jean-Antoine, alikuwa mchezaji na mwalimu wa baleti, na mamake alikuwa mwigizaji. Kwa hivyo sanaa ilikuwa kazi ya ukoo, kama ufinyanzi au uhunzi ulivyokuwa kwa baadhi ya koo zetu. Kakake, Lucien, alipata umaarufu kabla yake. Baleti ya Giselle ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza jijini Paris mwaka wa 1841, Lucien ndiye aliyecheza kama mpenzi wa msichana huyo.

Marius hakubahatika mapema. Mwaka wa 1839 alivuka bahari pamoja na babake hadi New York, lakini safari hiyo haikuwaletea faida. Baadaye alifanya kazi Madrid, Uhispania, ambako alijifunza dansi za wenyeji alizozitumia maisha yake yote. Inasemekana kwamba aliondoka huko kwa haraka baada ya kisa cha mapenzi kilichomtia katika ugomvi na mtu wa tabaka la juu.

Mwaka wa 1847, akiwa na umri wa miaka 29, aliwasili St. Petersburg kwa mkataba mfupi wa kucheza katika jumba la maonyesho la mfalme wa Urusi. Mgeni huyo aliyekuja kwa muda aliishi nchini humo zaidi ya miaka 60. La kuajabiwa ni kwamba hakuwahi kukijua Kirusi sawasawa. Aliwaelekeza wachezaji wake kwa Kifaransa na kwa maneno machache ya Kirusi yaliyovunjikavunjika, lakini miguu yao ilimwelewa.

Ilimchukua miaka 15 kujulikana kama mtunzi. Mwaka wa 1862 alitunga, kwa muda wa majuma kama sita, Binti wa Farao, baleti kubwa kuhusu Misri ya kale. Ilishangiliwa mno, na mlango ukamfungukia. Alitoa Don Quixote jijini Moscow mwaka wa 1869, akapandishwa cheo kuwa mkuu wa baleti ya mfalme mwanzoni mwa miaka ya 1870, kisha akatoa La Bayadère mwaka wa 1877.

Kilele cha kazi yake kilikuwa Mrembo Aliyelala, iliyoonyeshwa Januari 1890 kwa muziki wa Tchaikovsky. Petipa alimwandikia mtunzi huyo maagizo ya kina: hapa muziki uwe wa urefu kadhaa, pale uwe wa upole, kwingine uwe wa kutisha. Miaka miwili baadaye aliandaa mpango wa Kivunja Kokwa, lakini akaugua, na kazi ya kutunga hatua ikaangukia msaidizi wake, Lev Ivanov. Wawili hao waligawana pia Ziwa la Bata Maji mwaka wa 1895. Baleti hiyo ilikuwa imeonyeshwa Moscow mwaka wa 1877 bila kufana. Toleo la Petipa na Ivanov ndilo lililoipa uhai ilio nao hadi leo.

Mbali na kutunga, Petipa alikuwa mlinzi wa kazi za wengine. Giselle iliachwa kuchezwa Paris, kwao ilikozaliwa, mwishoni mwa miaka ya 1860. Kama Petipa asingeendelea kuitunza na kuirekebisha kule Urusi, huenda leo ingekuwa jina tu. Wachezaji wa Urusi waliirudisha Paris mwaka wa 1910, na Wafaransa wakajifunza upya kitu kilichokuwa chao.

Uzee haukumtendea wema. Mwaka wa 1903 baleti yake, Kioo cha Uchawi, ilipokewa vibaya na watazamaji, na wakuu wapya wa jumba hilo wakamweka kando. Aliandika kumbukumbu za maisha yake, zilizochapishwa mwaka wa 1906, zikiwa zimejaa uchungu. Afya ilipodhoofika alihamia Gurzuf, pwani ya Crimea. Huko ndiko alikofariki Julai 14, 1910, akiwa na umri wa miaka 92.

Hadithi ingeweza kukomea hapo. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, na mali ya Petipa ilikuwa miguuni mwa watu. Lakini katika siku zake za mwisho kazini, kijana mmoja mchezaji, Vladimir Stepanov, alikuwa amebuni mfumo wa kuandika dansi kwa alama zinazofanana na zile za muziki. Aliuchapisha Paris mwaka wa 1892 na akafariki mwaka wa 1896, kabla hajaona matunda yake. Wengine waliendeleza kazi hiyo, wakiwa wameketi katika mazoezi na kuandika hatua za baleti moja baada ya nyingine. Petipa mwenyewe hakuuthamini sana mfumo huo, na hakujua kwamba ndio ungemtetea baada ya kifo chake.

Mapinduzi ya mwaka wa 1917 yalipoivuruga Urusi, msimamizi wa mazoezi aliyeitwa Nikolai Sergeyev aliondoka nchini akiwa na madaftari hayo. Hakuwa mtunzi mashuhuri, wala wachezaji wengi hawakumpenda, lakini mzigo wake ulikuwa na thamani kubwa. Kutokana nao, Mrembo Aliyelala iliandaliwa London mwaka wa 1921, ingawa onyesho hilo lilimtia mwandalizi wake, Sergei Diaghilev, katika madeni. Katika miaka ya 1930, Sergeyev alilifundisha kundi changa la London baleti za Petipa. Kundi hilo ndilo baadaye lililokuja kuwa Royal Ballet. Sergeyev alifariki mwaka wa 1951, na madaftari yakanunuliwa na Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mwaka wa 1969.

Kwa njia hiyo Warusi walilazimika kuitafuta mali yao ugenini. Mwaka wa 1999, Sergei Vikharev wa jumba la Mariinsky aliyatumia madaftari hayo kuifufua Mrembo Aliyelala karibu na ilivyokuwa mwaka wa 1890. Kundi hilo likaipeleka New York mwaka huo huo. Onyesho lilichukua karibu saa nne, likiwa na mavazi na mapambo ya rangi nyingi, na ishara za mikono zilizokuwa zimeondolewa kwa miaka mingi. Si wote waliofurahia. Baadhi ya wachezaji wa Mariinsky walikuwa wamelelewa na toleo la mwaka wa 1952, na kwao hilo ndilo lililokuwa la asili.

Hapo ndipo penye funzo kwa Meru na Embu. Kizazi kimoja tu kinatosha kulifanya jambo jipya lionekane kuwa la kale. Ngoma inayopelekwa na wanafunzi kwenye tamasha la muziki hukatwa ili itoshee jukwaa na dakika zilizotengwa. Mwanafunzi huyo akija kuwa mwalimu, atafundisha kile kipande alichokijua, na watoto wataamini kwamba ngoma ilikuwa hivyo tangu jadi.

Wapo watakaosema kwamba simu za mkononi zimelimaliza tatizo hili, kwa kuwa kila sherehe sasa hurekodiwa. Picha hizo zina faida, lakini huonyesha siku moja, kutoka upande mmoja, pamoja na makosa ya siku hiyo. Hazisemi ngoma ilichezwa msimu gani, nani aliruhusiwa kuingia uwanjani, wala kwa nini mpigaji hubadilisha mdundo kabla ya wachezaji kugeuka. Hayo yanahitaji mtu wa kuuliza na kuandika.

Wala daftari pekee halitoshi. Maandishi ya St. Petersburg yana mapengo mengi. Mara nyingi yanaeleza miguu na kuacha mikono, na Vikharev alilazimika kuyajaza kwa kumbukumbu za watu na picha za kale. Pengo kama hilo huzibika kwa urahisi aliyecheza akiwa angali hai. Chuka, Runyenjes na kwingineko wangalipo wazee waliocheza ujanani mwao. Petipa alipata mwandishi kabla hajaondoka kazini, na hiyo ndiyo bahati iliyomfanya azidi kuchezwa zaidi ya karne moja baada ya kuzikwa.