Edel Quinn: Mgonjwa Aliyekataa Kukaa Kitako

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anakaa Kibera upande wa Makina, na kazi yake ni ushonaji huko Kawangware. Alipatwa na kifua kikuu. Nilipotoka Mombasa kwenda kumjulia hali, nakiri mbele yenu wasomaji kwamba nilifanya jambo la aibu. Nilikaa karibu na mlango, nikakataa chai, nikaanza kutafuta udhuru wa kuondoka mapema. Naye aliona, akainamisha kichwa asiseme neno. Alikuwa amekwisha kuzoea. Posa yake ilirudishwa, mafundi wenzake walimtengea kikombe chake peke yake, na baada ya miezi miwili ya dawa, alipoona kikohozi kimepungua, aliziacha. Alisema dawa za nini, ikiwa maisha yenyewe yamekwisha?

Tukiwa katika hali hiyo, akina mama wawili wa Kikatoliki wakabisha hodi. Waliketi karibu naye, wakamwuliza habari za usiku, wakamwuliza habari za dawa, wakazungumza mambo ya mtaani, kisha wakaaga. Kila juma huja hivyo, wawili wawili. Mimi niliwashuku. Nilidhani wamekuja kumbadili dini, nikawafuata nje nikawauliza. Walinijibu kwa adabu kwamba wao ni wanachama wa Legio ya Maria, na kwamba chama hicho kililetwa Nairobi na mwanamke aliyekuwa na maradhi hayo hayo ya kifua, ambaye kaburi lake haliko mbali na Kawangware. Basi nikaona haya, nikaanza kuyatafuta maisha ya mwanamke huyo. Leo nawasimulia.

Kwanza niondoe mashaka. Hii Legio ya Maria si lile kanisa la Legio Maria ambalo waumini wake, wenye kanzu za rangi rangi, huonekana sana katika mitaa ya Nairobi. Kanisa hilo lilijitenga na Kanisa Katoliki huko Nyanza mwaka 1963, likiongozwa na Simeo Ondeto. Chama ninachokizungumzia kilianzishwa Dublin, nchini Ayalandi, na Frank Duff mwaka 1921. Wanachama wake ni watu wa kawaida wasio mapadri wala watawa. Hukutana kila juma, husali, kisha huenda wawili wawili kuzuru wagonjwa na walioachwa. Kanuni yao hairuhusu kugawa fedha wala chakula. Wanachotoa ni nafsi zao tu.

BINTI WA BENKI

Edel Quinn alizaliwa tarehe 14 Septemba, 1907, katika mji wa Kanturk, jimbo la Cork. Baba yake alikuwa mtumishi wa benki, na familia ilihamahama kufuata kazi yake mpaka ikatua Dublin. Huko Edel akawa karani ofisini. Mwajiri wake Mfaransa alimpenda, akataka kumwoa. Alimkatalia kwa upole, kwa kuwa moyoni alikuwa amekusudia kuingia kwa masista wa Mtakatifu Klara, watawa wanaojifungia ndani maisha yao yote kwa sala na ufukara. Msomaji wetu akifikiri juu ya khalwa ya masufii atakaribia kuelewa. Alikuwa mtu wa sala ndefu na maneno machache, na waliomjua walistaajabu kwamba mtu wa namna hiyo alikuwa mcheshi kupita wote.

Walakini, binadamu hupanga na Mungu hupanga. Mwaka 1932, siku za kuingia utawani zikiwa zimekaribia, alianza kutema damu. Kifua kikuu kilikuwa kimekwisha kula mapafu yake. Enzi hizo hapakuwa na dawa ya maradhi hayo. Mgonjwa alipelekwa kwenye hospitali ya mashambani, akalazwa, akala vizuri, akavuta hewa safi, akangoja. Edel alingoja miezi 18. Alipotoka hakuwa amepona, na mlango wa utawa ulikuwa umefungwa. Alikuwa na miaka isiyozidi 26.

Hapa ndipo wengi wetu tungekunja jamvi. Yeye alirudi kwenye kazi ya ukarani na kwenye Legio, akizuru wagonjwa wa mitaa maskini ya Dublin.

SAFARI YA MOMBASA

Mwaka 1936 chama kilitaka kumpeleka mjumbe Afrika ya Mashariki, na jina lake likatajwa. Palizuka mabishano makubwa. Wako waliosema kumpeleka msichana mgonjwa katika nchi za joto ni kumpeleka kaburini. Wala hawakuwa wajinga waliosema hivyo. Frank Duff alimtetea, na mwenyewe Edel alisisitiza kwamba anajua vyema anakokwenda. Mwezi wa Novemba mwaka huo alishuka bandarini Mombasa, akapanda kwenda Nairobi.

Kwa Wakatoliki, Nairobi ya siku hizo ilikuwa bado chini ya jimbo la Zanzibar, na mapadri wake wengi walikuwa wa Shirika la Roho Mtakatifu, wale wale waliofika Unguja mwaka 1863 na Bagamoyo mwaka 1868. Kwa serikali ya kikoloni, mji ulikuwa umekatwa vipande: huku Wazungu, huku Wahindi, huku Waafrika. Kibera nayo, ambayo Wanubi waliiita Kibra, maana yake msitu, ilikuwa makao ya askari Waislamu wa Kisudani wa jeshi la King's African Rifles na jamaa zao. Katika mji wa namna hiyo Edel alileta chama ambacho hakikujua rangi ya mtu, na ambacho kilimtaka Mwafrika wa kawaida, mwanamume au mwanamke, aongoze mkutano, aandike kumbukumbu na kutunza fedha. Wengi walimwambia haitawezekana. Yeye hakubishana sana. Alianzisha kikundi kimoja, kisha cha pili, kisha cha tatu.

Alizunguka Kenya, akaingia Uganda na Tanganyika, mara kwa gari moshi, mara kwa lori, mara kwa gari lake kuukuu la Ford alilolitania kwa kuliita Rolls-Royce. Mwaka 1940 alikuwa kisiwani Mauritius, na baadaye Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Sala na kanuni za chama zilitafsiriwa katika lugha za wenyeji. Na wakati wote huo homa, kikohozi na uchovu vilikuwa wenzi wake wa safari. Mwaka 1941 alianguka kabisa huko Nyasaland, akapelekwa Afrika Kusini kutibiwa, na wengi wakamkatia tamaa. Mwaka 1943 alirudi Nairobi, akaendelea na barua, mikutano na safari fupi fupi kadiri pumzi ilivyomruhusu.

Aliaga dunia jioni ya tarehe 12 Mei, 1944, katika nyumba ya Masista wa Damu Azizi, Nairobi, akiwa na miaka 36. Miezi michache tu kabla ya hapo, mwishoni mwa mwaka 1943, wataalamu huko Marekani walikuwa wamegundua streptomaisini, dawa ya kwanza iliyoweza kukishinda kifua kikuu. Haikumfikia. Mwezi wa Desemba 1994 Papa Yohane Paulo wa Pili alitangaza kwamba Edel aliishi fadhila kwa kiwango cha ushujaa, nayo ni hatua moja katika njia ndefu ya Wakatoliki ya kumtambua mtakatifu.

KABURINI

Nilimchukua mpwa wangu siku moja. Tulitoka Makina tukapanda mpaka Barabara ya Ngong, tukashika matatu ya Kawangware, akanionyesha cherehani yake iliyofunikwa kitambaa. Kutoka hapo tulikwenda kwa miguu, mwendo usiofika saa nzima, mpaka misheni ya St. Austin's, iliyoanzishwa mwaka 1899. Kaburi la Edel liko katika makaburi ya wamisionari. Hatukwenda kuomba chochote. Dini yetu inajulikana na yao inajulikana. Bibi Maryam sisi tunamheshimu, na sura nzima ya Kurani ina jina lake, lakini hatumwombi. Tulisimama tu, nikamsimulia kijana haya niliyowasimulia ninyi.

Nikamwambia kwamba huyu aliishi miaka 12 na maradhi yasiyokuwa na dawa, na katika miaka hiyo 12 ndipo alipofanya kazi yote anayokumbukwa kwayo. Wewe una maradhi yenye dawa. Tiba ni ya miezi sita, na katika vituo vya serikali hailipiwi. Anayemeza dawa sawasawa, baada ya majuma machache kwa kawaida haambukizi tena. Na maradhi haya husafiri kwa hewa, hayasafiri kwa kikombe. Wahenga walinena, mficha maradhi kifo humwumbua.

Hakunijibu pale. Lakini Jumatatu iliyofuata alikwenda zahanati mwenyewe. Daktari alimgombeza kwanza kwa kuziacha dawa, akampima upya, akamwanzisha tena tangu mwanzo. Leo ninapoandika amemaliza, na cherehani inalia.

Ama mimi, nimebaki na deni langu. Kumzuru mgonjwa ni katika haki za Mwislamu juu ya mwenziwe. Hilo tunafundishwa tangu chuoni. Akina mama wawili wasio wa dini yetu waliketi pale ambapo mimi, mjomba mtu, niliogopa kukaa. Niliporudi Makina mara ya pili nilivua viatu, nikaingia mpaka ndani, nikaomba chai mwenyewe kabla sijakaribishwa.