ABU MUSLIM KHURASANI NA MIAKA YA SIRI

Wengi wetu tukitaja dola ya Bani Abbas huitaja Baghdad, na Harun Rashid, na wanavyuoni wa zama zile. Ni wachache waulizao dola hiyo ilisimamishwa kwa njia gani. Aliyeipigania mpaka ikasimama ni Abu Muslim Khurasani, kijana ambaye hata nasaba yake wataarikhi wameikhitilafiana. Twapenda kuieleza kwa ufupi miaka yake ya siri, kwani ndani yake mna mazingatio.

Daawa yenyewe haikuanzwa naye. Kiasi cha mwaka wa 100 wa Hijra (718), Muhammad bin Ali, kitukuu cha Abbas ami yake Mtume, alikuwa akikaa Humayma, kijiji cha kusini mwa Sham, ambacho leo kimo katika nchi ya Jordan. Kutoka hapo alipeleka wajumbe Kufa, na kutoka Kufa wakaenda Khurasani, mbali na macho ya Bani Umayya. Walisafiri kwa sura ya wafanya biashara na mahujaji. Huko Khurasani waliwekwa wakuu 12 na wasaidizi 70. Baadhi ya waliokamatwa walifungwa, na wengine waliuawa.

Katika khabari zilizo mashuhuri, Abu Muslim alikuwa akiwatumikia watu waliofungwa katika jela ya Kufa. Wajumbe wakamwona humo, wakapendezwa na akili yake, wakamfikisha kwa Ibrahim bin Muhammad aliyemrithi babake. Mwaka wa 128 (745–746) Ibrahim akampeleka Khurasani. Sulayman bin Kathir, mkubwa wa daawa huko, kwanza alimkataa kwa udogo wa umri wake, kisha akamkubali.

Abu Muslim aliwakuta watu wana uchungu. Wengi katika waliosilimu walikuwa wakilalamika kuwa bado hutozwa jizya, na Waarabu wenyewe, Mudhar na Yamani, wakipigana wao kwa wao. Yeye waliojiunga naye aliwaandika kwa vijiji vyao, si kwa makabila yao. Hilo peke yake lilikuwa jambo kubwa.

Lakini bai'a waliyoitoa ilikuwa ya mtu wa kuridhiwa katika Aali Muhammad, wala hakutajwa jina. Siri hii ilikuwa ngao, kwani aliyekamatwa hakuweza kumtaja asiyemjua. Tena ilikuwa mtego, maana wengi walidhani kuwa atakuwa ni katika kizazi cha Ali.

Tarehe 25 Ramadhani mwaka wa 129 (747) bendera nyeusi zilikunjuliwa Siqadanj, karibu na Merv, na mioto ikawashwa usiku kuwaita wafuasi. Mwaka wa pili yake Abu Muslim akaingia Merv. Ibrahim alikamatwa na Khalifa Marwan, akafia kifungoni Harran. Na mwaka wa 132 (749) nduguye Abul Abbas akapewa bai'a Kufa. Hapo ndipo jina lilipojulikana.

Haukupita muda, watu wa Bukhara wakaondoka na Sharik bin Shaykh, wakisema kuwa hawakuwafuata Aali Muhammad ili damu imwagwe na haki iachwe. Abu Muslim akawapelekea jeshi likawamaliza. Sulayman bin Kathir naye, aliyebeba daawa hiyo miaka mingi, aliuawa kwa amri ya Abu Muslim. Kisha mwaka wa 137 (755) Khalifa Mansur, nduguye Abul Abbas, akamwita Abu Muslim mbele yake akamuua.

Sisi hatusemi kuwa dhulma ya Bani Umayya haikufaa kuondolewa. Twasema kuwa mnyonge hujisitiri kwa siri, na hilo lafahamika. Lakini bai'a ni amana, na mwenye kuitoa ana haki ya kujua amempa nani na kwa sharti gani. Watu wa Khurasani walijua wanamwondoa nani, wala hawakujua wanamweka nani. Na yule aliyewafichia siri hiyo hakusalimika nayo.