William Cowper, Mtunzi wa Nyimbo

Ule wimbo wa damu ya Imanueli, uliomo katika Tenzi za Rohoni, ulitungwa na Mwingereza aliyeteswa na huzuni maisha yake yote. William Cowper alizaliwa mwaka 1731, akafiwa na mama yake akiwa na miaka sita. Mwaka 1763 alijaribu kujiua, akapelekwa kwa tabibu Cotton huko St Albans. Humo, mwaka 1764, akisoma Warumi sura ya 3, alimwamini Kristo na moyo wake ukatulia.

Baadaye alihamia Olney, akatunga nyimbo pamoja na kasisi John Newton, aliyewahi kuwa nahodha wa meli ya watumwa. Mwaka 1773 ugonjwa ulirudi. Cowper alisadiki kwamba Mungu amemtupa, wala hakuhudhuria ibada tena. Wako watakaosema imani yake ilikuwa haba. Mimi sikubali, maana mgonjwa wa malaria hatumpimi imani. Newton hakumkemea, bali alimkaribisha nyumbani kwake zaidi ya mwaka mzima. Bibi Mary Unwin alimwuguza. Cowper akafuga sungura, akalima bustani, na mwaka 1788 akaandika mashairi ya kupinga utumwa. Alifariki mwaka 1800, huzuni haijamwacha. Nyimbo zake tunaziimba hadi leo.