Gakaara wa Wanjau: Askari Aliyerudi Vitani Akashika Kalamu

Sisi vijana twapenda hadithi za kutisha. Askari anarudi kutoka vitani usiku, nyumba ina giza, mlango unalia, na ndani kuna jambo baya linamngoja. Mimi nami nilikuwa nimejipanga kuwatungia kisa cha namna hiyo katika toleo hili. Lakini nilipokuwa nikisoma historia ya Kenya nikakutana na askari wa kweli, na tena maisha yake yalipita papa hapa kwetu, Kajiado na Athi River. Nikasema, ya nini nitunge uongo na ukweli upo? Huyo ni hayati Gakaara wa Wanjau.

Gakaara alizaliwa mwaka 1921 huko Nyeri. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa la Presbyterian. Alisoma hadi Alliance High School, shule ambayo wakati ule Mwafrika kuipata ilikuwa si mchezo. Hata hivyo hakumaliza. Mwaka 1940 wanafunzi waligoma, naye akawa miongoni mwa waliofukuzwa. (Wenzangu msicheke, walimu wanasoma pia!)

Mwaka uo huo akajiunga na jeshi la Waingereza. Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimeanza, na Waitalia walikuwa wameikalia Ethiopia tangu mwaka 1936. Majeshi yakavuka mpaka kutoka Kenya, na mwaka 1941 Haile Selassie akarudi katika kiti chake cha ufalme. Gakaara alihudumu katika vita hivyo. Hebu tafakari kidogo: Mwafrika anayetawaliwa kwao anatumwa kwenda kumkomboa Mwafrika mwenzake.

Zaidi ya Waafrika 90,000 wa Kenya waliandikwa jeshini katika vita vile. Waliporudi walikuta nini? Kipande ni kile kile, kodi ni ile ile. Askari wa kizungu walipewa mashamba katika nyanda za juu, lakini askari mweusi aliambiwa ahsante, nenda ukatafute kazi. Hapa ndipo mlango wa hadithi yangu unapolia. Nyumba haikubadilika hata kidogo. Aliyebadilika ni yule anayerudi, kwa maana huko vitani ameona kwa macho yake kwamba mzungu naye hutokwa na damu, na risasi zikilia hujificha kama mtu mwingine yeyote.

Gakaara hakurudia bunduki. Alishika kalamu. Mwaka 1946 alitoa Uhoro wa Ugurani, hadithi ya Kigikuyu kuhusu mambo ya ndoa. Mwaka 1948 akaandika kijitabu kiitwacho Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika, akiwahimiza watu wetu wasijidharau. Baadaye, mwaka 1952, akachapisha imani ya Gikuyu na Mumbi. Aliifuatisha na ile imani isomwayo kanisani, ila hii yake ilihusu watu wake na ardhi yao. Mtoto wa mchungaji! Bila shaka serikali ya mkoloni haikufurahi.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitia sahihi tangazo la hali ya hatari. Usiku huo Jomo Kenyatta na viongozi wengi wakaanza kukamatwa. Gakaara naye alikamatwa, akaletwa Kajiado. Naam, Kajiado hii hii. Ukiuliza wengi wetu habari za Kajiado watakutajia ng'ombe, ofisi za serikali na reli ya Magadi. Kumbe palikuwa na kambi ya kuwazuilia watu ambao hawakushtakiwa kortini wala kuhukumiwa na jaji yeyote.

Kutoka Kajiado alipelekwa Takwa, katika kisiwa cha Manda, karibu na Lamu. Wapenzi wa hadithi za kutisha, kaeni kitako. Takwa ni mji wa Waswahili uliohamwa na wenyewe katika karne ya 17. Mpaka leo magofu ya msikiti yapo, na kaburi lenye nguzo ndefu lipo. Sasa fikiri mahabusu wamewekwa karibu na mji wa wafu, maji yamewazunguka, na hakuna anayewaambia watatoka lini. Mimi naona kama palikuwa na jini pale, basi hakukaa katika magofu. Alikaa ofisini Nairobi, katika karatasi iliyosema mtu aweza kufungiwa bila kesi.

Kisha akahamishiwa kambi ya Athi River. Sisi wa Kitengela tukipanda matatu kwenda Nairobi twapita Athi River, twaona malori ya saruji, basi. Lakini miaka ile ya 1950 mahabusu walihubiriwa huko na kushawishiwa wakiri kiapo na kuikana Mau Mau. Baada ya hapo alipelekwa Hola, karibu na mto Tana. Ni katika kambi za Hola ambako tarehe 3 Machi 1959 mahabusu 11 walipigwa na askari mpaka wakafa. Serikali ikasema kwanza ati walikufa kwa sababu ya maji waliyokunywa. Uongo huo haukukaa sana, ukafichuka.

Sasa sikilizeni jambo lililonifanya nimpende mzee huyu. Miaka yote hiyo alikuwa akiandika kwa siri habari za kambini: nani ameletwa, nani ameadhibiwa, wamekula nini, wameambiwa nini. Angefumaniwa na karatasi zile angeumia. Lakini aliona kwamba mkubwa wa kambi ana faili lake, na faili hilo ndilo litakalosomwa kesho ikiwa mahabusu hana lake.

Alipoachiliwa, askari huyu alirudi nyumbani mara ya pili. Alifungua kazi ya uchapishaji mjini Karatina, akatoa jarida la Gikuyu na Mumbi na vitabu vingi vya hadithi. Uhuru ulipatikana mwaka 1963, na watu wakahimizwa wasahau yaliyopita. Yeye hakusahau. Mwaka 1983 shajara yake ilitoka kwa Kigikuyu, jina lake Mwandiki wa Mau Mau Ithaamirio-ini. Mwaka 1984 ikashinda tuzo ya Noma, tuzo kubwa ya vitabu vya Afrika, pamoja na kitabu cha Njabulo Ndebele wa Afrika Kusini. Tafsiri ya Kiingereza ilifuata mwaka 1988. Gakaara aliaga dunia mwaka 2001.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na maisha ya watu ni vivyo hivyo. Mimi nimezaliwa na kukulia Kitengela, na bila daftari la mahabusu mmoja nisingejua yaliyotendeka hatua chache kutoka kwetu. Je, ni mambo mangapi mengine yanayozikwa na wazee wetu kila mwaka hapa Kajiado? Wapo waliokuwa askari, wapo waliofungwa, wapo waliochunga ng'ombe tu wakaona malori yakipita na watu.

Kwa hiyo natoa ombi kwa chama chetu cha Kiswahili. Tununue daftari moja kubwa, liwekwe maktabani. Kila mwanachama akienda nyumbani likizo amwulize mzee mmoja, aandike jina la mahali, mwaka, na yaliyotokea. Tusingoje mpaka matanga ndipo tuanze kuulizana nani alijua habari zake. Kalamu tunazo, na leo hakuna anayetuwinda kwa kuandika.

Mola amlaze mzee Gakaara mahali pema.