Mwenyeheri Nicholas Postgate na Parokia Isiyo na Kanisa

Katika kijiji kidogo cha Egton Bridge, Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, lipo kanisa la Mtakatifu Hedda, lililojengwa karne ya 19. Lakini jumuiya ya Wakatoliki wa pale ni ya zamani kuliko jengo hilo. Kwa miaka mingi iliishi bila kanisa, ikimtegemea padre aliyewafuata kwa siri.

Nicholas Postgate alizaliwa maeneo hayo mwishoni mwa karne ya 16. Sheria ya mwaka 1585 ilimhesabu kuwa mhaini Mwingereza yeyote aliyepewa upadre ng'ambo kisha akarudi nyumbani. Kijana huyu alivuka bahari hata hivyo, akasoma katika seminari ya Waingereza huko Douai, mji ambao leo uko Ufaransa. Alipadrishwa mwaka 1628. Mwaka 1630 akarudi kwao, akijua vizuri anarudia nini.

Kwanza alihudumu akiishi katika nyumba za matajiri Wakatoliki. Baadaye alihamia kibanda huko Ugthorpe, kwenye vilima vya upepo na baridi, akawa anatembea kwa miguu shamba hadi shamba kuwaadhimishia watu Misa.

Mwaka 1664 aliiandikia seminari yake akitoa hesabu ya utume wake: ndoa 226, watoto waliobatizwa 593, marehemu waliozikwa 719, na watu 2,400 aliowaingiza katika Kanisa. Mimi hunigusa zaidi hao 719. Harusi huweza kupangiwa siku. Mgonjwa wa kufa hangoji, na padre huitwa hata usiku wa theluji.

Mwaka 1678 Titus Oates alizusha uongo kwamba Wakatoliki wamepanga kumwua Mfalme Charles II, na msako ukaanza nchi nzima. Desemba ile Padre Postgate alikamatwa Ugglebarnby, nyumbani kwa Matthew Lyth, alikokwenda kubatiza mtoto. Hakushtakiwa kwa njama yoyote ya kumwua mfalme. Kosa lake lilikuwa upadre wenyewe.

Alinyongwa mjini York tarehe 7 Agosti 1679, akiwa na umri wa miaka zaidi ya 80, na mwili wake ukakatwa vipande. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenyeheri tarehe 22 Novemba 1987, pamoja na wafiadini wenzake 84. Huko Egton Bridge Misa ingali ikiadhimishwa, sasa milango ikiwa wazi.