Kabaka Mutesa alisoma sana, lakini je, alikuwa msomaji mwema?



Siku hizi tukitaka kumsifu mtu husema huyu ni msomi, na hapo hapo mawazo yetu huenda kwenye vyeti na chuo alichopitia. Ng'ambo ya ziwa letu hili, huko Buganda, neno hilo lilianza na maana nyingine. Katika karne ya 19 mtu aliyeingia katika dini, awe Muislamu au Mkristo, aliitwa msomaji, na kwa wingi wao waliitwa abasomi. Hata jirani zetu wa Bukoba walilipokea neno hilo. Sababu yake ni nyepesi. Dini ilifika huko pamoja na kitabu, na kujifunza dini na kujifunza kusoma likawa ni jambo moja. Ukimuuliza mtu kama anasoma, ulikuwa unamuuliza anamuabudu nani.

Nimelifikiria sana neno hili kutokana na jambo lililonitokea darasani hapa Mwanza, ambalo nitalieleza kabla sijaweka kalamu chini. Lakini kwanza naomba tumtazame msomaji aliyekuwa mashuhuri kuliko wote katika mwambao wa ziwa hili kwa zama zake. Huyo ni Kabaka Mutesa wa Kwanza wa Buganda.

Uislamu ulibisha hodi Buganda kabla yake, wakati wa baba yake, Kabaka Suna wa Pili. Mwaka 1844 alifika huko mfanyabiashara wa Kiarabu aitwaye Ahmed bin Ibrahim. Husimuliwa kuwa siku moja, alipoona watu wanauawa mbele ya mfalme bila hesabu, alisimama akamwambia Suna kwamba watu hao wameumbwa na Mwenyezi Mungu, na kwamba hata yeye mfalme ameumbwa na Yeye huyo huyo. Mtu wa kawaida asingethubutu kusema hivyo pale barazani na akatoka salama. Suna hakumuua. Alimsikiliza, akawa anamwita mara kwa mara kutaka kujua zaidi, na akajifunza sehemu za Qur'an. Basi neno la kwanza la dini yetu kusikika katika ikulu ile lilikuwa ni neno la kumkosoa mwenye nguvu. Hilo tuliweke akilini, tutalihitaji mbele.

Suna alifariki mwaka 1856, na Mutesa akatawala akiwa bado kijana. Huyu alikuwa na akili kali na kiu ya kujua. Walimu wake walikuwa wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliofika Buganda kwa njia ya Tabora na Karagwe. Stanley, msafiri wa Kizungu, alimtaja mmoja wao kwa jina la Muley bin Salim kuwa ndiye aliyemvuta mfalme katika Uislamu. Mutesa alijifunza Kiarabu na Kiswahili, akaweza kusoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu, na akawa anawasomesha na kuwafasiria watu wake yeye mwenyewe. Hebu jiulize, ni watawala wangapi unaowajua walioacha mambo ya utawala wakakaa kitako kufundisha alifu na bee?

Kuanzia mwaka 1867 alifunga Ramadhani, na aliendelea hivyo kwa takriban miaka 10. Alijenga msikiti katika ikulu yake. Alifuata kalenda ya Kiislamu, na akataka wakuu wake nao waswali, wafunge na wasalimiane kwa salamu ya Kiislamu. Hakuishia kutaka tu, bali aliamrisha. Na wapo watu waliouawa kwa sababu tu walipuuza ibada hizo ambazo mfalme alikwisha kuzipenda.

Hapa ndipo msomaji makini anapoanza kutilia shaka. Mtu amesoma Kitabu ambacho kinakataza kulazimishana katika dini, kisha anakitumia kuwalazimisha wengine. Kitabu amekisoma vizuri, na huenda matamshi yake yalikuwa safi. Lakini kila aya aliyoisoma aliigeuza ikawatazama wengine. Yeye mwenyewe alibaki pembeni, kama hakimu anayesoma sheria asiyodhani kuwa siku moja itamhusu.

Mwezi Februari 1875 Stanley alifika Kageye, kijiji cha mwambao wa ziwa ambacho leo kiko katika Wilaya ya Magu, mkoani kwetu. Kutoka hapo alikwenda kwa mashua hadi Buganda na kumkuta Mutesa. Mfalme alimuuliza maswali mengi, hata kuhusu malaika. Stanley akamuelezea Biblia, na sehemu zake zikafasiriwa kwa Kiswahili. Alipoondoka alimwacha kijana Mkristo aliyetoka Unguja, Dallington, ili aendelee kumsomea mfalme. Mutesa akavilinganisha vitabu viwili mbele ya baraza lake, akatamka kuwa amekichagua kile cha Wazungu. Wakati huo huo Khedive Ismail wa Misri, kupitia Gordon, alikuwa anaisogelea Buganda kutoka kaskazini. Mfalme aliyekuwa na akili kama ile alijua fika faida ya kuwa na rafiki Mzungu. Simlaumu kwa kuilinda nchi yake. Nasema tu kwamba kwake yeye kitabu kilikuwa pia ni karata ya siasa.

Wakati mfalme akipima vitabu, kulikuwa na wasomaji wengine ikulu ambao hakuna aliyewatilia maanani. Hao ni vijana waliomtumikia. Walikuwa wamefundishwa swala na Qur'an kwa amri yake yeye mwenyewe. Mwaka 1876 walifika Buganda Waislamu kutoka upande wa Misri na Sudan. Walipoona mambo ya ikulu walishangaa, wakawaeleza vijana kuwa imamu wao hajatahiriwa. Na ni kweli, Mutesa hakutahiriwa maisha yake yote, kwa kuwa mila ya Buganda haikuruhusu mwili wa Kabaka kukatwa wala damu yake kumwagwa. Vijana wakaelewa pia kwamba nyama iliyokuwa ikiliwa pale haikuchinjwa kwa utaratibu wa Kiislamu.

Wangeweza kunyamaza. Nani angewalaumu? Walikuwa wanakula na kuvaa kwa mkono wa mfalme. Lakini wao walikataa kula nyama ile, na wakakataa kuswali nyuma yake. Mutesa aliona huo ni uasi. Mwaka huo huo wa 1876 akaamuru wauawe, na zaidi ya 70 kati yao walichomwa moto Namugongo. Wengi wetu tunalijua jina la Namugongo kwa habari za vijana wa Kikristo waliouawa na Mwanga, mtoto wa Mutesa, kati ya mwaka 1885 na 1887. Wachache tunakumbuka kuwa karibu miaka 10 kabla yao, vijana wa Kiislamu walitangulia kufa mahali hapo. Mwenyezi Mungu awarehemu wote.

Ndugu msomaji, kati ya mfalme na vijana wale, nani alisoma zaidi? Kwa hesabu ya vitabu, bila shaka mfalme. Alikuwa na walimu, na muda aliupata alipoutaka. Vijana walisoma kwa kuokoteza, baina ya kutumwa na kutumwa. Lakini waliposoma jambo lililowahusu, walikubali kwamba limewahusu. Mfalme naye alipoambiwa na wanafunzi wake mwenyewe jambo lililo ndani ya kile kile alichowafundisha, aliwaita wauaji.

Baada ya hapo Mutesa aliendelea kusoma na kusikiliza. Wamisionari wa Kiprotestanti walifika mwaka 1877. Wawili kati ya wenzao, Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe mwezi Desemba mwaka huo pamoja na Songoro, mfanyabiashara Mswahili wa Kageye. Mackay alifika Buganda mwaka 1878. Mapadri wa Kikatoliki nao walifika mwaka 1879, na ni mitumbwi ya Mutesa iliyokuja kuwachukua huku kwetu kusini mwa ziwa. Barazani pake Waislamu, Waprotestanti na Wakatoliki walijadiliana mbele yake, naye alifurahia sana mijadala ile. Alijua kumuuliza kila mmoja swali la kumbana. Lakini mwishoni mwa mwaka 1879, maradhi yalipomzidi, aliitisha waganga wa Mukasa, mzimu wa ziwa, waje kumtibu. Alifariki Oktoba 1884, akazikwa Kasubi. Hakutahiriwa, wala hakubatizwa.

Wapo watakaosema huyu alikuwa mnafiki, tufunge mjadala. Mimi naogopa kusema hivyo. Kilichomo kifuani anakijua Mola wake. Isitoshe, ni Mutesa aliyefungua mlango wa kusoma katika nchi ile, na wengi walioingia kwa mlango huo walikwenda mbali kuliko yeye. Ninachokiona kwake ni maradhi yanayoweza kumpata msomaji yeyote mwenye akili. Nayo ni kukipenda kitabu maadamu kinasema na wengine, na kukikasirikia siku kinapokugeukia wewe. Baba yake, ambaye hakusoma sana, siku ile ya mwaka 1844 alistahimili kukosolewa. Mtoto aliyesoma akashindwa.

Sasa nieleze lile la darasani. Mimi ni mwalimu wa masomo ya Kiislamu, na jioni nina darasa la twisheni ambalo wazazi hulipia kwa mwezi. Mwezi mmoja nilikuwa nafundisha Surat Al-Mutaffifin, inayowaonya wale ambao wakipimiwa wanataka kipimo kamili, na wao wakipima wanapunja. Nilifundisha kwa ari. Nilitoa mfano wa muuza dagaa aliyebonyeza kitako cha kopo lake, vijana wakacheka, nikafurahi kuwa somo limeingia. Ndipo mmoja wao, kijana mtulivu, akanyoosha mkono akaniuliza kama aya hizi zinamhusu pia mwalimu anayelipwa vipindi 12 akafundisha 9.

Darasa likawa kimya. Mwezi ule nilikuwa nimekosa vipindi vitatu, viwili kwa ajili ya harusi na kimoja kwa uchovu tu. Nilimwambia hana adabu, nikamtoa nje.

Siku mbili baadaye nilikuwa naandaa somo la kuenea kwa Uislamu Afrika Mashariki. Nikafika kwenye mwaka 1876. Nimelifundisha somo hilo mara nyingi, na kila mara nilikuwa upande wa vijana wa Namugongo. Usiku ule nilishindwa kukaa upande wao. Mimi ndiye niliyefundisha aya, na mimi ndiye niliyemuadhibu aliyeielewa. Tofauti yangu na Mutesa ni kwamba sina wauaji, nina mlango wa darasa tu.

Nilifungua daftari la mahudhurio nikarudi nyuma miezi minne. Vipindi nilivyokosa vilifika 11. Nilivilipa kwa kufundisha Jumamosi asubuhi, na mzazi mmoja ambaye mwanawe alikwisha hama nilimrudishia fedha yake. Nilimuomba radhi yule kijana mbele ya wenzake, kwa sababu nilimuaibisha mbele ya wenzake. Nimeandika haya si kwa kujisifu. Kulipa deni si sifa.

Ndugu zangu wa mijini, sisi tunasoma sana. Tuna mihadhara, tuna vitabu, tuna simu zilizojaa mawaidha. Tukipata aya au hadithi nzuri, mara nyingi wazo la kwanza ni nani tumtumie, yaani fulani ingemfaa sana hii. Hebu tujizoeze kuuliza kwanza kama inatufaa sisi. Mwenye duka aisome mbele ya mizani yake, mume aisome akiwa nyumbani kwake. Na sisi walimu na maimamu tukubali kwamba anayetusikiliza naye ana macho, na kwamba swali lake linaweza kuwa ndilo tafsiri sahihi ya kile tulichokisoma. Msomaji mwema, kwa ninavyoona sasa, ni yule ambaye kitabu kinaweza kumwambia hapana, naye akabaki nacho mkononi.

Yule kijana alirudi darasani, anahudhuria, anaandika. Lakini tangu siku ile hajanyoosha mkono tena. Kila nikimaliza kipindi nauliza kama kuna swali, namtazama, nasubiri. Namuomba Mwenyezi Mungu anipe umri wa kulisikia swali lake jingine, na moyo wa kulipokea.

Wabillahi tawfiq.