Neno Lisizime Swali

Mwanafunzi wangu mmoja aishiye Thika, karibu na eneo la viwanda, alinieleza kwamba aliona mwanga ukielea juu ya mapaa ya viwanda, ukasimama, kisha ukatoweka. Kabla hajamaliza nilimkatiza, nikamwambia kuwa hizo ni taa na moshi wa kiwandani. Akanyamaza. Sikumwuliza saa wala upande. Tangu siku hiyo namkumbuka Josef Allen Hynek, ambaye kosa la namna hiyo lilimgeuza mwendo wa maisha.

Hynek alizaliwa Chicago, Marekani, mwaka wa 1910, nyotamkia ya Halley ilipokuwa ikionekana. Mwaka wa 1935 alipata shahada ya uzamivu katika elimu ya falaki, akawa mwalimu wa chuo kikuu. Mwaka wa 1948 Jeshi la Anga la Marekani lilimwomba awe mshauri katika kuchunguza taarifa za vitu visivyotambulika angani. Aliianza kazi hiyo kwa dhihaka. Wajibu wake ulikuwa kubainisha ni zipi zilizokuwa sayari ya Zuhura, vimondo, maputo au ndege. Na kweli nyingi zilikuwa hivyo.

Machi 1966 watu wengi katika jimbo la Michigan waliripoti kuona mianga ya ajabu. Mbele ya waandishi wa habari, Hynek alieleza kwamba baadhi ya mianga hiyo huenda ilitokana na gesi ya kinamasi. Mimi, niliye mwanaisimu, nayaona hapa mazito: magazeti yaliliacha neno baadhi, yakaliacha na neno huenda, yakabaki na kinamasi. Wananchi wakaona wamedharauliwa. Gerald Ford, mbunge wa jimbo hilo ambaye baadaye alikuwa rais, akadai Bunge lilichunguze jambo hilo.

Jeshi liliufunga uchunguzi wake mwaka wa 1969. Kati ya taarifa 12,618, taarifa 701 hazikupata maelezo. Hynek hakudai kwamba hizo ni ithibati ya wageni kutoka sayari nyingine. Alishikilia tu kwamba kisichojulikana kiitwe hivyo na kichunguzwe. Mwaka wa 1972 alitoa kitabu kilichoziainisha taarifa hizo, na mwaka wa 1973 akaanzisha kituo chake cha utafiti. Alifariki Aprili 1986, nyotamkia ya Halley iliporejea.

Nasi tumepata somo letu. Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye uzito wa kilo 500 hivi ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Makueni. Maofisa wa Shirika la Anga za Juu la Kenya walifika mahali penyewe, ndipo shirika likautangazia umma kwamba, kwa tathmini ya awali, ni kipande cha roketi. Maneno hayo, tathmini ya awali, yana heshima ndani yake: yanamwambia raia kinachojulikana na kinachosubiriwa.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Nami naongeza kwamba kujibu kwa haraka si elimu. Nilimwomba radhi mwanafunzi wangu, tukaenda pamoja Thika, tukasimama mahali pale saa ile ile. Taa zipo, na moshi upo, ila si upande alionionyesha. Daftarini tumeandika tarehe, saa na upande, na chini yake neno moja: haijulikani.